SUV tatu za boma letu Garsen, na kwa nini iliyoshinda imeshinda kwa boneti

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa pembeni. Nasoma, nacheka, nalala. Leo nimevua uvivu kwa sababu nina jambo, na nitalisema lilivyokuwa. Nikiongeza chumvi, ni ile ya kiasi tu, maana hata uji wa mgonjwa huwekwa kidogo.

Nimeona nyuzi chungu nzima za "ninunue SUV gani". Wanaojibu kwa ukali zaidi ni wale ambao matope ya mwisho kuyakanyaga yalikuwa ya pale wanapooshea gari. Mtu anakaa ghorofani, anakueleza kuhusu ground clearance.

Mimi naishi Garsen, Tana River. Boma letu ni moja, lango ni moja, na ndani mna SUV tatu. Nimeziendesha zote, nimezisukuma zote. Nadhani nina haki ya kusema.

Majina ya makampuni sitayataja. Nikitaja tu, timu hii na timu ile wataanza kutukaniana wazazi hapa na uzi utafungwa. Kwetu gari zina majina ya nyumbani, nitatumia hayo.

Ya kwanza ni Mheshimiwa.

Hii ni ya kaka yangu mkubwa, Buya. Ni nyeusi, injini ni V8, viti vya ngozi, na katikati ya viti kuna friji ndogo ambayo sijawahi kuona ikiwa na kitu zaidi ya chupa moja ya maji. Buya aliwahi kusimama kiti cha uwakilishi wadi. Kura zilimkataa, lakini jina la Mheshimiwa halikumkataa, na gari likarithi jina hilo hilo.

Kosa moja tu alilolifanya kaka, na hilo si la waliotengeneza gari. Alitoa matairi yake ya asili, yale manene, akaweka rimu kubwa za kung'aa na matairi membamba kama mkanda wa suruali. Nikamuuliza, kaka, na miiba ya miti ya mathenge je? Akaniambia gari ni heshima. Basi hiyo heshima tumeiziba pancha mara nyingi sana.

Karibu na gia kuna kitufe cha kuzungusha cha four wheel. Buya hajawahi kukigusa. Anasema kile ni cha dharura.

Ya pili ni Kisura, ya mke wangu Neema.

Neema ni wa Malindi, alikuja nayo. Kwenye karatasi imeandikwa SUV. Lakini ukilala chini ukaangalia tumbo lake, kuku akipita na vifaranga lazima ainamishe kichwa. Mafuta inanusa tu, hainywi. Ina kamera ya nyuma, ina vihisi pande zote, na ikiona ng'ombe inalia. Sasa fikirieni gari inayolia ikiona ng'ombe, halafu iletwe Garsen wakati wa kiangazi, wafugaji wanateremsha mifugo mtoni. Kuanzia nyumbani hadi sokoni ni kilio mtindo mmoja, kama tunasindikiza maiti.

Ya tatu ni Punda. Hii ni yangu. Sijifichi, mimi nina upendeleo, lakini nitajitahidi.

Punda ni dizeli kuukuu, umbo la sanduku, nyuma ina viti vya benchi vya kutazamana. Zamani ilikuwa ya shirika fulani la misaada. Waliponiuzia walikwangua nembo mlangoni, ila walikwangua kwa uvivu, maandishi yakabaki nusu. Matokeo yake, nikisimama kijiji chochote kutoka Madogo hadi Kipini, akina mama hupanga foleni. Kuna mzee mmoja upande wa Ndera alinigombeza dakika nzima kwa nini jina lake lilirukwa kwenye mgao wa maharagwe. Nikamwomba radhi. Ningefanyaje?

Mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu. Mlango wa nyuma haujifungi vizuri, nimeufunga kwa mpira. Lakini kwenye matope Punda huwa hana maswali.

Sasa ukitaka kujua SUV ipi ni bora, utazilinganisha vipi? Wengine hulinganisha kwa video. Sisi tulilinganisha kwa mpunga wa Mama.

Hapa tulieni kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kitu.

Mama yetu analima mpunga kwenye bonde la mto. Na kwao kuna mila moja hawachezi nayo: kwa ndugu wa tumbo moja, mpunga mpya hauliwi na mdogo kabla mkubwa hajauonja. Mavuno yakitoka, mdogo anabeba kapu la mpunga wenye maganda yake, anampelekea mkubwa kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa akishaonja, ndipo na mdogo ale.

Mkubwa wa Mama ni dada yake, Mama Mkubwa Hadija, aliyeolewa Kau, kule chini karibu mto unapoingia baharini. Amekaa huko hadi lugha yake imekuwa ya huko, juu anaita yuu na leo anaita yeo. Maisha yao yote kapu lilikuwa linakwenda Kau kila mavuno, halina shida.

Shida ililetwa na Mheshimiwa. Gari na mwenye gari.

Buya alipoinunua tu, alitaka Kau waione. Akafika anaendesha mkono mmoja, muziki juu. Na kwa wasiojua, vijiji vya mpunga hutandika majamvi njiani na kuanika mpunga wao juu yake. Kila dereva anajua: unapunguza mwendo, unapita pembeni, ukishindwa unashuka unaomba. Buya hakushuka. Alipita juu ya mpunga wa Mama Mkubwa, mavuno yake mazima, akaenda akageuza, akapita tena.

Mama Mkubwa aliposema, Buya akajibu kwamba barabara ni ya magari.

Hilo lingeweza kuisha siku hiyo hiyo kwa kupiga goti. Lakini Mama, aliyekuwa amepakiwa kwenye gari hiyo, kwa kuona mwanawe anafokewa mbele za watu, akamtetea. Akasema, "Dada, si ni mpunga tu?"

Wakuu, kumwambia mkulima "si ni mpunga tu" ni heri umtukane.

Tangu siku hiyo kapu likipelekwa Kau linarudi. Halijafunguliwa, na fundo ni lile lile alilofunga Mama. Na kwa kuwa mkubwa hajaonja, Mama hakula. Miaka hiyo yote analima, anavuna, anatwanga, anatupikia mpunga wake kwenye sinia, sisi tunakula mpaka tunaramba vidole. Yeye anajipikia sufuria ndogo ya mchele wa dukani, anakaa pembeni. Ukimuuliza anasema ule mpya unamletea kiungulia.

Sisi watoto wake watu wazima tulikuwa tunajua si kiungulia. Tulikula.

Mavuno ya juzi ndipo ikaingia sauti kwenye simu ya Neema. Ilikuwa imetumwa na Zainabu, binti wa Mama Mkubwa, lakini aliyekuwa akisema ni Mama Mkubwa mwenyewe. Maneno yalikuwa machache tu: "Mwambieni mdogo wangu, mpunga wangu u wapi?"

Mama aliisikiliza. Akamwambia Neema airudie. Akaisikiliza tena, kisha akaenda ghalani akaanza kuchagua kapu.

Alitaka kuondoka siku ile ile. Mto ulikuwa unapanda, mvua za bara zilikuwa zimenyesha, na njia ya Kau ikishakatika hukatika kwa muda. Halafu Mama Mkubwa ni mtu wa kubadilika. Leo amefungua mlango, kesho hujui.

Na hapo ndipo SUV tatu zilipoanza kumchelewesha.

Buya akasema Mama lazima aende na Mheshimiwa, yeye ni mkubwa, na yeye ndiye aliyekosea, lazima aonekane. Nikasema njia ile ni ya Punda. Neema akasema Mama mgongo wake unauma, Kisura ndiyo ina viti vizuri. Mama akasema, "Mimi nataka kwenda tu. Mambo ya gari nyinyi ndio mnajua."

Tukajadiliana hadi jua likazama. Kesho yake Buya akapeleka gari kuoshwa. Gari inaoshwa, wakuu, ili ipelekwe matopeni! Mama alikaa barazani na kapu lake kati ya miguu, amevaa leso mpya, anaangalia lango. Niliona aibu, lakini na mimi nilikuwa nabadilisha oili.

Mwishowe, ili asichukie mtu, tukaamua kwa hekima yetu kwamba ziende zote tatu. Watu wanne, gari tatu.

Mama akapanda Mheshimiwa, kwa sababu ya itifaki. Lakini kapu Buya alilikataa, alisema vumbi la mpunga linaingia kwenye ngozi ya viti. Kapu likaja kwangu, nyuma ya Punda, karibu na ule mlango wa mpira. Likumbukeni kapu hilo.

Msafara ukapangwa kwa umri. Buya mbele, mimi katikati, Neema nyuma. Kwetu mkubwa hapitwi. Hata kwenye kunawa mikono hapitwi.

Kwenye lami kutoka Garsen hadi Witu, nakiri, Mheshimiwa ni gari. Ilikuwa inapotea mbele kama ndege, halafu tunaikuta imeegeshwa pembeni Buya anatungoja, amevaa miwani. Kwenye vizuizi askari walikuwa wanampigia saluti. Nikifika mimi wananiuliza nimebeba nini. Akifika Neema wanamuuliza kama amepotea.

Pale Witu nilisimama kununua maji. Kabla sijashuka, na mnajua kushuka kwangu mpaka mtu anifungulie kwa nje, akina mama watatu wakawa dirishani na vitambulisho mkononi. Nikawaambia mimi si wa msaada. Mmoja akaniangalia sana, akasema, "Nyinyi kila mwaka mnasema hivyo."

Tukaacha lami. Njia ya Kipini ilikuwa na mashimo lakini inapitika. Kisura ilikuwa inagonga tumbo chini kila baada ya muda, nasikia mpaka kwangu, na kila nikisikia najua leo usiku kuna maneno.

Kisha tukakata kuelekea Kau.

Hapo njia ni tuta la udongo mweusi, mashamba ya mpunga kushoto, mashamba ya mpunga kulia, na siku ile mashamba yote yalikuwa yamejaa maji. Upana wa tuta ni gari moja. Na mbele kidogo kulikuwa na mahali pamebonyea, maji yamekaa, rangi ya chai ya maziwa. Maji ya rangi hiyo huwezi kujua yana kina gani.

Buya akasimama. Hapakuwa na wa kunifungulia, nikajipenyeza hadi mlango wa abiria, nikamfuata.

Nikamwambia, "Kaka, rudi nyuma mpaka pale palipopanuka, unipishe. Nitangulie na Punda nipime. Nikipita, nitakuvuta na wewe."

Akanijibu, "Jillo, mdogo anatangulia tangu lini?"

Nikamwangalia Mama ndani. Mama ndiye angeweza kumwamuru. Lakini atasema nini, na yeye mwenyewe amefunga safari ya kwenda kuheshimu ukubwa? Akaangalia dirisha la upande wa pili.

Basi Buya akafunga kioo, akatia moto.

Mheshimiwa ikaingia kwa kishindo kama anaingia mkutanoni. Katikati ya dimbwi ikapunguza mwendo. Zile tairi nyembamba zikaanza kuzunguka mahali pamoja, zinarusha tope nyuma, zinanipaka mimi, zinampaka Neema. Kadiri alivyokanyaga ndivyo ilivyokaa. Tope likafika kwenye milango. Hapo ndipo akakumbuka kile kitufe cha dharura, na hakujua kinazungushwa upande gani.

Nikatoa kamba, nikamwambia nimvute kwa nyuma, ndiyo njia pekee. Akatoa kichwa dirishani.

"Mimi sirudi nyuma," akasema.

Nadhani alikuwa amezoea kulisema jukwaani. Nikamwambia kaka, hapa hakuna wapiga kura. Akakubali baada ya maji kuingia kwenye viatu.

Tukafunga kamba. Punda akavuta, kamba ikakatika, Punda akaserereka kwa nguvu zake mwenyewe, tairi za kushoto zikateremka ukingoni. Akalala upande kama mtu anayesikiliza habari. Na ule mlango wa nyuma ukaachia mpira.

Niliposikia maji nilikimbia. Kapu lilikuwa limeteleza hadi mlangoni, nusu yake ndani ya maji. Mpunga wote ulikuwa umelowa.

Kurudi nyuma sasa ilikuwa haiwezekani, kwa sababu kundi la ng'ombe lilikuwa limetufuata juu ya tuta na limesimama nyuma ya Kisura, na Kisura inalia. Inalia mbele kwa sababu ya Punda, inalia nyuma kwa sababu ya ng'ombe. Mchungaji wa Kiorma alikuwa ameegemea fimbo yake, anatutazama kwa huruma ya kweli.

"Hii gari yenu inaogopa," alimwambia Neema.

Mama alishuka akiwa ameshika leso juu. Akaja mpaka kwenye kapu. Akaingiza mkono ndani, akatoa mpunga unaochuruzika maji, akakaa chini juu ya tuta, akalia. Wakuu, mama yangu simjui kwa kulia. Alizika mume hakulia mbele yetu. Alilia kwa ajili ya kapu la mpunga, na mimi nikajiona sina maana duniani, mimi na gari yangu isiyo na maswali.

Neema akamfuata, akamwekea simu sikioni. Alikuwa ameshapiga Kau.

Mama akasema, "Dada." Akaishika simu mwenyewe. Kisha akasema, "Dada, nimekwama. Na mpunga umelowa."

Upande wa pili simu ikakatwa.

Buya aliketi kwenye ngazi ya gari yake, suruali imejaa tope hadi magoti. Mimi nilijua imekwisha. Nikawaza nitamwambiaje Mama kwamba mwakani tutajaribu tena, na mwakani ni ahadi ya nani?

Ng'ombe wakachoka kutungoja, wakashuka tuta na kupita majini, wakatupita sisi na SUV zetu zote tatu.

Neema ndiye aliyeona kwanza. Akaniambia, "Baba Riziki, tazama kule."

Ulikuwa ni mtumbwi, unakuja kwa kukata katikati ya mashamba. Yale maji yaliyotuzuia sisi ndiyo yaliyoupa mtumbwi njia ya moja kwa moja. Zainabu alikuwa amesimama nyuma anausukuma kwa upondo, ule mti mrefu, na mbele amekaa Mama Mkubwa Hadija, mwili mdogo, mtandio mweusi, mikono magotini.

Mama alisimama. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Lakini yeye ni mkubwa."

Maana hilo halifanyiki. Mkubwa haji kwa mdogo. Mdogo ndiye huenda.

Mama Mkubwa aliteremka kwenye tuta, akajifuta miguu kwa nyasi. Hakumsalimia mtu. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Mheshimiwa, akaizunguka upande wenye maji haba, akaiangalia kuanzia taa hadi kioo.

"Ndiyo ile?" akauliza.

Buya akasimama. "Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Bado ina moto?"

"Injini? Ndiyo, bado ina moto."

Akageuka kwangu. "Jillo, leta kapu. Mpunga uanikwe kabla haujaota."

Nikauliza uanikwe wapi, kwa sababu tuta zima lilikuwa tope. Akaweka kiganja chake juu ya boneti nyeusi, ile iliyooshwa na kupigwa nta siku nzima.

"Hapa yuu," akasema.

Buya akafungua mdomo. Nililiona neno "rangi" likimfikia kwenye meno. Akalimeza. Akaja akalichukua kapu mikononi mwangu yeye mwenyewe, akaumimina mpunga juu ya boneti ya gari yake, akaanza kuutandaza kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka pembeni, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla hajawa Mheshimiwa. Mvuke ulikuwa unapanda.

Halafu akapiga goti pale pale kwenye maji. Nilitarajia "kwanza kabisa ningependa". Hakusema hilo.

Alisema, "Nilipita juu ya mpunga wako. Nilikosea. Nisamehe."

Mama Mkubwa akamwangalia chini pale.

"Siku ile gari yako ilipanda yuu ya mpunga wangu," akasema. "Yeo mpunga wangu umepanda yuu ya gari yako. Yameisha. Ondoka kwenye maji, utaugua."

Kisha akachota punje chache pale kwenye boneti, akazipuliza. Akamenya moja kwa kucha, akaitia mdomoni, akatafuna. Anatafuna na sisi tunamtazama mdomo. Akameza.

Akamenya nyingine. Akamwendea Mama, akamshika kidevu kama mtoto, akamlisha.

Mama alitafuna amefumba macho. Punje moja mbichi ya mpunga, wakuu, na alitafuna kama pilau. Halafu wakakumbatiana, mmoja anamwambia mwenzake umekonda, mwingine anasema ni ule mchele wa dukani.

Mimi niligeuka nikawa naangalia ng'ombe. Vumbi lilikuwa limeniingia macho, katikati ya mafuriko.

Hawakukaa sana. Mpunga ulipokauka kiasi cha kubebeka wakaurudisha kwenye kapu, wakaingia mtumbwini wote wawili na Zainabu wao. Buya akauliza, "Na sisi?"

Mama akajibu, "Nyinyi si mna magari?"

Wakaenda zao Kau. Tukabaki watu watatu na SUV tatu, mpaka trekta lilipopatikana, na hiyo ni habari ya aibu nyingine ambayo sitaki kuiandika.

Sasa turudi kwenye mada, maana najua mmoja wenu amesoma yote haya anangoja tu kujua anunue ipi.

Kwa mafuta, Kisura haina mpinzani. Kwa matope, bado nasema ni Punda, na kile kilichotokea ni kamba mbovu. Neema amekaa hapa anasoma, anasema niandike kwamba Kisura ndiyo pekee ambayo haikukwama siku ile. Ni kweli haikukwama. Haikuingia.

Lakini kwa ujumla, na inaniuma kusema, mshindi ni Mheshimiwa. Boneti yake ni pana, iko bapa, na V8 ile ina moto wa kukausha kapu zima. Ya Kisura imeinama, mpunga ungemwagika wote. Ya Punda ina matuta na kutu. Kwa hiyo ukienda kwa muuzaji usimuulize nguvu za farasi, muulize boneti inaanika kiasi gani.

Mengine niliyojifunza ni haya. Heshima ya ukubwa ni nzuri, mimi sijaiacha. Ila niliona kwa macho yangu mkubwa mmoja alikataa kurudi nyuma akatuzamisha sote, na mkubwa mwingine akashuka kwenye mtumbwi akaja kwa mdogo wake, na hakuna kilichompungukia. Bado analetewa maji ya kunawa kwanza.

Mama sasa anakula mpunga wake. Anakula kwenye sinia moja na sisi, na ana mkono mwepesi kuliko tulivyodhani. Kiungulia kimepona bila dawa.

Na Buya? Bado ni Mheshimiwa, msitarajie miujiza. Lakini wiki kadhaa baadaye vijana wa kuosha gari walimwita aone kitu. Kwenye ule mfereji chini ya waipa, kuna punje zilikuwa zimebaki, na mbili zimeota. Majani mabichi kabisa, urefu wa kidole. Wakataka kuzing'oa.

Akawaambia waoshe pembeni yake tu, wasiziguse. Ziko hapo mpaka leo, na akienda mkutanoni anakwenda nazo.

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Wenye SUV, wenye boda, wenye miguu miwili, changieni, pingeni, nicheke nanyi. Ombi langu ni moja: mwenye la kusema aseme tu. Tukianza kungojana mkubwa atangulie, uzi huu utakwama hapa hapa.